Muybridge: Aliyemsimamisha farasi hewani na kuifungulia sinema njia

KILA anayeshika kamera ya video leo, hata ile iliyomo ndani ya simu ya mkononi, hukutana na tarakimu mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni idadi ya picha ambazo kamera hupiga katika sekunde moja, picha ambazo mafundi huziita fremu. Ya pili ni muda ambao kilango cha kamera, yaani shata, hukaa wazi ili mwanga uingie kwa kila picha moja. Tarakimu ya kwanza huamua kama mwendo utaonekana kuwa mwendo. Ya pili huamua kama kila picha itatoka safi au itakuwa na ukungu.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuzitenganisha tarakimu hizo kwa vitendo, na kuzichapisha pamoja na picha zake ili kila mtu azisome, alikuwa Mwingereza mmoja aliyehamia Marekani. Maisha yake yalikuwa na misukosuko ambayo ingetosha kujaza vitabu kadhaa. Aliponea chupuchupu katika ajali, aliua mtu na kuachiwa huru na mahakama, kisha akafanya kazi iliyoishangaza dunia na kuona sifa yake ikichukuliwa na aliyekuwa mfadhili wake.

Mtu huyo ni Eadweard Muybridge, aliyezaliwa Aprili 9, 1830 na kufariki dunia Mei 8, 1904.

Kijana aliyebadili jina

Muybridge alizaliwa Kingston upon Thames, mji ulio kando ya mto Thames karibu na London. Jina alilopewa na wazazi wake ni Edward James Muggeridge. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na makaa ya mawe, naye alifariki dunia mwaka 1843 wakati kijana huyo angali mdogo. Mama ndiye aliyebaki akisimamia shughuli za familia.

Kadiri umri ulivyosonga, Edward alilibadili jina lake hatua kwa hatua. Muggeridge likawa Muygridge, kisha Muybridge, na hatimaye Edward likawa Eadweard, kwa tahajia ya zamani ya wafalme wa Kiingereza ambao majina yao yamechongwa kwenye jiwe la kihistoria mjini kwao.

Akiwa na umri wa miaka ipatayo 20 alivuka bahari hadi New York, ambako alijishughulisha na biashara ya vitabu. Mwaka 1855 alihamia San Francisco, mji uliokuwa ukifurika watu waliovutwa na dhahabu ya California, akafungua duka la vitabu. Hakuna aliyemjua wakati huo kama mpiga picha.

Mwaka 1860 aliamua kurejea Ulaya. Njiani, katika jimbo la Texas, gari la farasi alilokuwa akisafiria lilipata ajali mbaya. Muybridge aliumia vibaya kichwani na kupoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa akiona vitu viwili palipo na kimoja, na hakuweza tena kunusa wala kuonja.

Alipata matibabu Marekani na baadaye London. Aliishitaki kampuni ya magari hayo na kulipwa fidia ya dola 2,500. Lakini watu waliomfahamu kabla ya ajali walieleza miaka mingi baadaye kwamba hakuwa tena mtu yule yule. Zamani alikuwa mchangamfu na hodari wa biashara, na sasa walimwona mwenye hasira za ghafla na tabia zisizotabirika. Maelezo hayo yalikuja kusikika mbele ya hakimu.

Mpiga picha wa milima

Mwaka 1867 Muybridge alirudi San Francisco akiwa na ujuzi mpya wa kupiga picha. Alizitia saini kazi zake kwa jina la Helios, ambaye ni mungu wa jua wa Wagiriki wa kale. Picha zake za bonde la Yosemite, pamoja na maporomoko na miamba yake mikubwa, zilimpatia sifa. Mwaka 1868 alipiga picha Alaska, mwaka mmoja baada ya Marekani kuinunua nchi hiyo kutoka kwa Urusi.

Ili kuelewa ukubwa wa alichokuja kufanya, yafaa msomaji ajue jinsi picha ilivyopatikana enzi hizo. Mpiga picha alipaka dawa juu ya bamba la kioo, akalitumbukiza katika madini ya fedha, akalitia ndani ya kamera likiwa bado bichi, akapiga picha na kuisafisha papo hapo kabla dawa haijakauka. Aliyekwenda milimani alilazimika kubeba chumba cha giza kwa namna ya hema.

Dawa hiyo ilikuwa nzito kupokea mwanga. Kwa kawaida mpiga picha alikiondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu sekunde, kisha akakirudisha. Ndiyo maana watu katika picha nyingi za wakati ule wamekaa kama sanamu. Aliyetikisika aligeuka ukungu, na aliyepita mbio barabarani hakuonekana kabisa.

Ugumu huo Muybridge aliujua mapema. Anga jeupe la Yosemite lilichomwa na mwanga kabla mawe ya chini hayajajitokeza kwenye bamba. Mwaka 1869 alieleza hadharani kifaa alichokibuni ili kulifunika anga mapema na kuiacha ardhi ipate mwanga kwa muda mrefu zaidi. Kwa kifaa hicho alikuwa ameanza kuugawa muda wa picha moja katika vipande.

Swali la tajiri

Mwaka 1872 alimwendea mtu ambaye angebadili maisha yake. Leland Stanford alikuwa gavana wa zamani wa California na rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Alikuwa tajiri mkubwa mwenye mapenzi makubwa ya farasi wa mbio.

Stanford alitaka kujua jambo moja. Farasi anapokwenda mbio, je, kuna wakati ambapo kwato zake zote nne zinakuwa hewani kwa pamoja? Wafugaji walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi. Wachoraji nao walimchora farasi wa mbio akiwa ameinyoosha miguu ya mbele kwenda mbele na ya nyuma kwenda nyuma, kama mnyama anayeelea.

Imesimuliwa mara nyingi kwamba Stanford alikuwa ameweka dau la dola 25,000 juu ya jibu la swali hilo. Hakuna ushahidi unaothibitisha kisa hicho. Kinachofahamika ni kwamba alikuwa na fedha na udadisi, na kwamba jicho la binadamu lilikuwa limeshindwa kumpatia jibu. Miguu ya farasi hupita kwa kasi kiasi kwamba jicho huona mchanganyiko wa rangi tu.

Majaribio ya kwanza yalifanyika Sacramento kwa farasi wa Stanford aliyeitwa Occident. Picha zilizopatikana zilikuwa hafifu, nazo zimepotea. Hata hivyo, zilitosha kumshawishi Stanford kwamba jibu lilikuwa karibu. Lakini kabla kazi haijaendelea, msiba uliingia nyumbani kwa Muybridge.

Damu Calistoga

Mwaka 1871 alikuwa amemwoa Flora Shallcross Stone, mwanamke aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Kazi ilimfanya Muybridge asafiri kwa wiki na miezi. Aprili 1874 Flora alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alipewa jina la Florado Helios.

Miezi michache baadaye, kwa mkunga aliyemhudumia mkewe, Muybridge aliiona picha ya mtoto huyo. Nyuma yake palikuwa na maneno yaliyompa jina la Harry. Aliyejulikana kwa jina hilo alikuwa Harry Larkyns, mwandishi wa habari za maonyesho ya jukwaani, aliyekuwa na mazoea ya karibu na Flora. Muybridge aliamini kwamba mtoto si wake.

Oktoba 17, 1874 alisafiri hadi eneo la migodi karibu na Calistoga, kaskazini mwa San Francisco. Usiku alifika katika nyumba alimokuwamo Larkyns, akaomba aitwe. Larkyns alipojitokeza mlangoni, Muybridge alimpiga risasi na kumuua. Hakukimbia.

Kesi ilisikilizwa mjini Napa Februari 1875. Mawakili wake walijenga utetezi kwamba hakuwa na akili timamu, wakirejea ile ajali ya Texas na mashahidi waliosema kwamba jeraha la kichwa lilimbadili. Baraza la wananchi lililoamua kesi halikuukubali utetezi huo wa wazimu. Badala yake lilimwachia huru, kwa kuona kwamba mume aliyevunjiwa ndoa alikuwa na haki ya kufanya alichofanya.

Uamuzi huo haukuafikiana na sheria, nao unasomwa hadi leo kama mfano wa desturi za kiume kupewa uzito kuliko uhai wa mtu. Larkyns alikuwa amekwisha zikwa. Flora, aliyekuwa ameomba talaka, alifariki dunia Julai mwaka huo huo akiwa bado kijana. Florado alipelekwa katika kituo cha yatima.

Muybridge alikuwa Amerika ya Kati wakati huo, akipiga picha Panama na Guatemala. Mtoto alikua bila baba wala mama, akafanya kazi za shambani na za bustani maisha yake yote, na akafa kwa kugongwa na gari mjini Sacramento mwaka 1944. Sifa za Muybridge haziwezi kusimuliwa kwa haki bila kuwataja watu hao watatu.

Kamera 12 kando ya uwanja

Aliporejea, Stanford alikuwa angali akilisubiri jibu lake. Safari hii kazi ilihamia katika shamba la farasi la tajiri huyo huko Palo Alto, mahali ambapo baadaye kilijengwa Chuo Kikuu cha Stanford.

Muybridge alipanga kamera 12 ndani ya banda refu, zote zikitazama njia ya farasi. Upande wa pili aliweka ukuta mweupe wenye mistari na namba, na njia yenyewe ikatiwa unga mweupe. Weupe huo ulirudisha jua kali la California kuelekea kwenye lenzi. Mwanga mwingi ulihitajika kwa sababu muda wa kuupokea ungekuwa mfupi mno.

Mkono wa mtu usingeweza kufungua na kufunga kamera kwa upesi uliotakiwa. Kwa hiyo kila kamera iliwekewa vibao viwili vilivyovutwa na springi. Vilipopishana, mwanya mwembamba ulipita mbele ya lenzi na kutoweka. Umeme ndio uliovifyatua vibao hivyo, na mhandisi wa kampuni ya reli ya Stanford, John Isaacs, alishiriki kuubuni mtambo huo.

Nyuzi zilitandazwa kukatiza njia, moja kwa kila kamera. Farasi alipokata uzi kwa kifua au miguu, umeme ulifyatua shata ya kamera iliyokuwa mbele yake. Kwa farasi aliyevuta kigari, gurudumu ndilo lililokanyaga waya.

Juni 1878 waandishi wa habari walialikwa kushuhudia. Farasi Abe Edgington alipita akivuta kigari kwa mwendo wa mchapuo. Jike aitwaye Sallie Gardner naye alipita na mpanda farasi mgongoni kwa mbio za shoti. Katika kupita kwake ukanda wa tandiko ulikatika, na picha zilizosafishwa papo hapo zilionyesha ukanda huo ukining'inia. Waandishi waliuona kuwa uthibitisho kwamba hapakuwa na udanganyifu wowote.

Jibu la Stanford lilipatikana. Ndiyo, farasi huziinua kwato zote nne kwa pamoja. Ila katika mbio za shoti hilo hutokea wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, wala si wakati imenyooshwa kama wachoraji walivyodhani.

Tarakimu mbili

Kadi iliyochapishwa na picha za Sallie Gardner ilieleza kwamba jike huyo alikuwa akikimbia maili moja kwa dakika 1 na sekunde 40, ambayo ni karibu kilometa 58 kwa saa. Kadi ilitaja kwamba picha zilipishana kwa inchi 27, na kwa takriban sehemu moja ya 25 ya sekunde. Kisha ikataja kwamba kila bamba lilipata mwanga kwa muda usiofikia sehemu moja ya 2,000 ya sekunde.

Hapo ndipo penye somo. Kwa kasi hiyo farasi husogea karibu meta 16 kila sekunde. Kama kilango kingekaa wazi kwa muda wote wa sehemu moja ya 25 ya sekunde, farasi angesogea sentimeta 64 wakati picha moja inapigwa, na mguu usingetambulika. Kwa sehemu moja ya 2,000, mwili wake ulisogea milimeta 8 tu.

Msomaji ataona kwamba tarakimu hizo zinafanya kazi mbili tofauti. Kuongeza idadi ya picha kwa sekunde kusingeondoa ukungu kama kila picha ingebaki na muda mrefu wa mwanga. Vivyo hivyo, shata ya kasi kubwa isingeonyesha mfululizo wa hatua kama kamera ingekuwa moja, yenye bamba moja.

Palikuwa na kasoro moja. Kwa kuwa farasi mwenyewe ndiye aliyekata nyuzi, kasi ya picha ilitegemea kasi ya farasi. Aliyekimbia sana alipigwa picha zilizokaribiana kwa wakati, na aliyejikokota alipigwa picha zilizoachana.

Mwaka 1879 idadi ya kamera ilifikia 24. Mwaka huo huo Muybridge alianza kuonyesha chombo alichokiita zoopraxiscope. Michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye picha zake ilipakwa rangi kuzunguka sahani ya kioo, ikazungushwa mbele ya taa, huku sahani nyingine yenye matundu ikizunguka kinyume chake. Ukutani farasi alianza kukimbia tena.

Matundu hayo yalifanya kazi ya shata kwa upande wa mtazamaji. Yaliikata nuru ili kila mchoro uonekane kwa kitambo kidogo kisha upotee. Kwa kuwa yaliyafanya maumbo yaonekane yamebanwa, michoro ilichorwa ikiwa imerefushwa ili ukutani itokee sawasawa.

Kunyang'anywa sifa

Habari za farasi wa Palo Alto zilienea upesi. Oktoba 1878 jarida la Scientific American lilichapisha michoro yake. Nchini Ufaransa mtaalamu wa elimu ya mwili, Étienne-Jules Marey, aliipokea kazi hiyo kwa shauku kubwa. Mwaka 1881 Muybridge alisafiri hadi Paris, akakaribishwa na Marey na baadaye na mchoraji Ernest Meissonier, aliyekuwa bingwa wa kuchora farasi.

Machi 1882 alihutubia Royal Institution mjini London mbele ya hadhira iliyomjumuisha mrithi wa kiti cha ufalme. Ilionekana kwamba mtoto wa muuza nafaka wa Kingston amefika kileleni.

Lakini mwaka huo huo kitabu kilitoka Marekani kwa udhamini wa Stanford, kikiwa kimeandikwa na rafiki yake, daktari Stillman. Kitabu kilihusu mwendo wa farasi na kilitegemea picha za Muybridge. Jina la mpiga picha halikuwamo kwenye ukurasa wa mbele. Alitajwa ndani kama fundi aliyeajiriwa.

Pigo lilikuwa zito. Wanazuoni wa Royal Society waliokuwa tayari kuipokea makala yake walisita, kwani sasa alionekana kama mtu anayedai kazi ya mwingine. Muybridge alimshitaki Stanford, akashindwa. Swali la nani mwenye kazi, yule aliyetoa fedha na wazo au yule aliyetoa ufundi, halikumalizwa na hukumu hiyo. Wapiga picha wengi wa kuajiriwa wangali wanalijua vizuri.

Kazi kubwa ya Philadelphia

Muybridge hakuvunjika moyo. Kuanzia mwaka 1884 Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia kilimpa uwanja na fedha. Wakati huo mabamba makavu yaliyokuwa yakitengenezwa viwandani yalikuwa yamechukua nafasi ya yale mabichi, nayo yalipokea mwanga haraka zaidi.

Muhimu zaidi, aliiacha njia ya nyuzi. Mtambo wa saa ndio uliozifyatua kamera kwa zamu, na muda baina ya picha na picha ukapimwa. Kuanzia hapo kasi ya picha iliamuliwa na mpiga picha, wala si na anayepigwa. Ndivyo ilivyo katika kila kamera ya video tuliyonayo.

Alipiga picha watu wakitembea, wakipanda ngazi, wakibeba ndoo, wakicheza na wakipigana mieleka. Alipiga pia wanyama na ndege wa bustani ya Philadelphia, na wagonjwa waliokuwa na kasoro za mwendo. Mwaka 1887 alitoa kazi hiyo kwa jina la Animal Locomotion, ikiwa na kurasa 781 za picha.

Wakati huo Marey alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa upande mmoja. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa sehemu moja ya 720 ya sekunde. Hapakuwa tena na haja ya kupanga kamera nyingi, kwani kamera moja ilitosha.

Februari 1888 Muybridge alikutana na Thomas Edison, aliyekuwa amebuni chombo cha kunasa sauti. Walizungumzia uwezekano wa kuunganisha sauti na picha zinazotembea. Miezi michache baadaye Edison aliwasilisha maelezo ya awali ya chombo chake cha picha, kazi iliyotekelezwa hasa na msaidizi wake, William Dickson. Desemba 28, 1895 ndugu wawili wa familia ya Lumière walionyesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris, kwa picha zipatazo 16 kwa sekunde.

Urithi katika kamera za leo

Sinema ya sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kiwango cha picha 24 kwa sekunde kilikubaliwa. Televisheni za Ulaya zilichukua picha 25, nazo nchi za Afrika Mashariki zilifuata mfumo huo, unaokwenda sambamba na umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani, yenye umeme wa mizunguko 60, ilichukua picha 30.

Kuhusu shata, wapiga filamu walizoea kukiacha kilango wazi kwa nusu ya muda wa kila picha. Anayepiga picha 25 kwa sekunde hutumia sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ukungu kidogo unaobaki ndio unaolifanya jicho liunganishe picha moja na nyingine, na mwendo ukaonekana laini.

Muybridge alifanya kinyume. Kati ya picha na picha, jicho la kamera zake lilikuwa wazi kwa sehemu moja tu kati ya 80. Ndiyo maana picha zake ni kali kama zilizokatwa kwa wembe, na zinapounganishwa leo kuwa video huonekana kurukaruka. Alitaka kuchunguza kila hatua ya mwendo, hivyo hilo halikuwa kosa. Steven Spielberg naye, katika filamu ya vita ya Saving Private Ryan ya mwaka 1998, alifupisha muda wa shata kwa makusudi ili mapigano yaonekane ya kushitua.

Kwa anayepiga video ya harusi au mechi ya mpira, hesabu ni ile ile. Ukumbi ukiwa na giza, simu hukiacha kilango wazi kwa muda mrefu, na wachezaji wakawa na ukungu. Jua likiwa kali, hukifupisha mno, na mwendo ukakatikakatika. Kwenye taa zinazopepesa kwa mizunguko ya umeme wetu, sehemu moja ya 50 au ya 100 ya sekunde huzuia michirizi kupita kwenye picha. Asiyetofautisha tarakimu hizo mbili huilaumu kamera bure.

Mwisho wa safari

Mwaka 1893 Muybridge alifungua ukumbi wake katika maonyesho makubwa ya Chicago. Haukumletea faida aliyoitarajia. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza kuishi. Alichapisha vitabu viwili vilivyotokana na kazi ya Philadelphia, kimoja cha wanyama mwaka 1899 na kingine cha binadamu mwaka 1901.

Alifariki dunia mjini Kingston upon Thames, alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 74. Marey, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, alifuata siku chache tu baadaye. Vifaa vya Muybridge, ikiwamo zoopraxiscope na sahani zake za kioo, aliviachia mji wake, navyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kingston.

Mwili wake ulichomwa moto huko Woking. Mtu aliyelibadili jina lake mara kadhaa hakupata hata kuandikwa kwa usahihi kaburini, kwani jiwe lake linasomeka Maybridge. Lakini tarakimu mbili alizozichapisha mwaka 1878 zimebaki mahali pake, na kila anayewasha kamera ya video bado hana budi kuchagua kati yake.